Uzi: Siku moja Dumaguete (Ufilipino) ukiwa na wenyeji. Saa, usafiri, chakula na mambo yanayoharibu siku

BandariSalama:
Habari za humu wakuu. Wafilipino ninaofanya nao kazi hapa Muscat kwao ni mkoa wa Negros Oriental, na likizo ijayo wawili kati yao wananikaribisha Dumaguete. Boracay na fukwe za watalii sizihitaji. Nina siku moja kamili ya kuzunguka mji nao, siku zilizobaki ni za nyumbani kwa familia. Wanaoujua ule mji wanisaidie: siku ianze saa ngapi, tuanzie wapi tumalizie wapi, usafiri ukoje, na mtu asiyekula nguruwe anakula nini. Adabu za nyumbani pia, maana bibi yao yuko hai na ndiye mwenye nyumba.

Nahodha wa Kojani:
Karibu sana mkuu. Dumaguete ni mji mdogo, sensa ya 2020 ilihesabu watu 134,103, na katikati yake unapamaliza kwa miguu. Umbali hautakusumbua, kitakachokusumbua ni saa. Ukifika sokoni saa nne vitu vya asubuhi vimekwisha, ukipanda milimani alasiri unakuta mvua, ukienda pwani saa saba unachomwa na jua peke yako kwa sababu wenyeji wako ndani. Mimi ningeipanga hivi.

Anza alfajiri pale Rizal Boulevard, barabara ya ufukweni. Ile pwani inatazama mashariki. Wageni wengi huiweka jioni wakitaka kuona jua likizama baharini, na wanangoja bure, jua linazama mgongoni mwao nyuma ya milima ya Cuernos de Negros. Linalochomoza baharini ni la asubuhi, kati ya saa kumi na moja na dakika ishirini na saa kumi na mbili na dakika kumi hivi, kutegemea mwezi. Mbele yako ni kisiwa cha Siquijor, kushoto ncha ya kusini ya Cebu. Saa hizo wazee wanafanya mazoezi na wavuvi wanarudi, na hapo ndipo unauona mji ulivyo. Jina la barabara linatokana na José Rizal, shujaa wa taifa la Ufilipino, ambaye meli yake ilisimama hapa tarehe 1 Agosti 1896 akitoka uhamishoni Dapitan kwenda Manila. Desemba mwaka huo huo Wahispania walimpiga risasi.

Saa moja uwe sokoni unakunywa chai, nawaachia wajuzi wa chakula waeleze. Saa mbili nenda kwenye mnara wa kengele, Campanario de Dumaguete, ubavuni mwa kanisa kuu la Mtakatifu Katarina. Ni wa enzi za Wahispania, na kengele zake zilikuwa za kuwaamsha watu mashua za wavamizi zikionekana. Haupandwi. Chini yake watu wanawasha mishumaa na kusali, kwa hiyo vua kofia, usipige picha za uso wa mtu aliye kwenye sala, na usisimame kati yake na sanamu. Robo saa inatosha.

Kutoka hapo tembeeni hadi Chuo Kikuu cha Silliman. Kilianzishwa 1901 na wamisionari wa Kipresbiteri kutoka Marekani, kikaanza kama shule ya wavulana. Jengo la Silliman Hall ni la 1903. Beba kitambulisho, walinzi wa getini wanaweza kukiomba. Uzuri wa chuo hiki ni ile miti mikubwa ya kivuli, kaeni chini yake wenyeji wakueleze, maana karibu kila familia ya mji ina mtu aliyesoma au kufanya kazi pale. Ukiangukia mwisho wa Agosti, tarehe 28 ni siku ya waasisi na uwanja wote unajaa vibanda.

Saa tatu na nusu ondokeni mjini kwenda Valencia, kilomita 9 hivi, mlimani, kuna ubaridi. Saa tisa mrudi. Saa kumi na moja jioni Boulevard tena, safari hii kwa ajili ya upepo na chakula cha barabarani.

Angalizo: wenyeji wakikuambia 6 AM, ni saa kumi na mbili yetu. Hakikisheni mnaongea saa moja, kwa sababu ukishakosa asubuhi umekosa nusu ya hiyo ratiba.

MamaNafaka:
Nachukua la sokoni. Ndani ya soko kuu kuna sehemu inaitwa painitan, mabenchi marefu na akina mama wenye masufuria. Usiagize kahawa ya paketi. Agiza budbud kabog na sikwate.

Kabog ni nafaka ndogo ya njano, jamaa ya ulezi. Huoshwa mara nyingi kutoa makapi, hupikwa kwa tui, sukari na chumvi kidogo mpaka ishikane, kisha huviringishwa kwenye jani la mgomba lililopitishwa motoni ili lisipasuke, ikafungwa na kupikwa kwa mvuke. Inatoka kijiti kinene kama kidole gumba. Makosa mawili hutokea. La kwanza ni kuifungua ingali moto sana, inagandia jani na kuvunjika. Iache dakika chache ishike, ndipo ulibandue jani taratibu upande mmoja. La pili ni kununua za ziada uzile usiku. Ina tui, na kwa joto la kule jioni imeshaanza kuchachuka.

Muulize muuzaji kama ni ya kabog au ya pilit, yaani mchele unaonata. Zote huitwa budbud na zinafungwa kwa jani lile lile, ila ladha ni mbali na mbali. Ya kabog ina chembechembe ulimini na harufu ya nafaka, ya mchele ni laini na nzito.

Sikwate ni kakao tupu. Kokwa hukaangwa, hutwangwa, hufinyangwa vidonge vya duara viitwavyo tablea. Vidonge viwili au vitatu kwa kikombe cha maji, vinachemka mpaka viyeyuke, halafu mama anapekecha kwa upekecho wa mti mpaka povu linyanyuke. Asipopekecha mafuta ya kakao yanaelea juu na unga unatuama chini. Nyumbani wengi wanakimbilia kuongeza unga wa maziwa ili iwe nzito, sokoni bado utaipata ya asili.

Kuna na puto maya, mchele unaonata uliopikwa kwa mvuke, ukatiwa tui, tangawizi na chumvi. Huliwa na embe bivu, na wengine humwagia sikwate juu yake. Mtu wa pwani yetu hatahitaji kufundishwa. Msimu mzuri wa maembe ni Machi hadi Juni.

Vyote hivi kwa desturi havina nguruwe.

BandariSalama:
Shukrani sana dada MamaNafaka. Na mlo wa mchana je? Nimesikia nguruwe yuko hadi kwenye mboga.

BintiMvita:
Ni kweli kaka, na tatizo ni pale asipoonekana. Lechon (nguruwe mzima wa kuchoma) na humba (nyama yake ya mchuzi) utazitambua kwa macho. Yanayompata mgeni ni haya: monggo, yaani pojo, mara nyingi ina vipande vya nyama ya nguruwe vilivyochanganyika na majani. Tambi za pancit zimekaangwa naye. Lumpia, vile vijiti vya unga vya kujazwa, vilevile. Mikate mingine inatiwa shahamu yake. Kuku wa kuchoma, kule wanamwita inato, anachomwa kwenye wavu mmoja na mishikaki ya nguruwe na anapakwa mafuta kwa brashi hiyo hiyo. Halafu hata kuku mwenyewe hajachinjwa kwa kisomo. Kwa Muislamu jibu jepesi ni samaki, na uko mahali pake.

Swali la kukariri: "Naa bay baboy?" yaani kuna nguruwe? Usiishie hapo, uliza na mafuta: "mantika sa baboy?" Mpishi atakujibu nyama hamna na huku amekaangia shahamu, kwa kuwa kwake hilo ni swali jingine kabisa. Bora zaidi mwambie mwenyeji wako siku moja kabla, yeye ndiye aulize. Na bibi aambiwe mapema asije akapika siku nzima chakula ambacho mgeni wake hawezi kukigusa. Hilo litamuumiza kuliko kuombwa samaki.

Mchana agizeni tinola ya samaki, mchuzi mweupe wa tangawizi, nyanya, mchaichai na majani, pamoja na samaki wa kuchoma na kinilaw. Kinilaw bora ni ya tanigue, ambaye ni nguru huyu huyu wetu. Anakatwa mbichi vipande vya ukubwa wa nusu kidole, anaoshwa kwa siki mara moja na kukamuliwa, siki hiyo inamwagwa. Kisha inakuja siki mpya, tangawizi, kitunguu, pilipili, chumvi, ndimu ndogo na mwishoni tui zito. Italiwa hapo hapo. Ikikaa nusu saa nyama inakuwa nyeupe hadi ndani na kukauka mdomoni, na tui linaanza kukatika. Ukiona mezani kinilaw yenye maji mengi ya mawingu, ni ya tangu asubuhi, iache. Kama tumbo lako halijazoea samaki mbichi basi usiijaribu siku ya matembezi, ijaribu ukiwa nyumbani.

Tuba ni tembo la mnazi. La kule ni jekundu kwa sababu wanalitia gome la mti, mara nyingi la mkoko, lipunguze kuchacha. Usidhani ni sharubati ya matunda.

Kifaru_Mpole:
Usafiri. Mjini chombo chenyewe ni pikipiki yenye kibanda ubavuni, wao wanaiita pedicab. Inabeba watu kadhaa, wengine wanakaa wakitazama nyuma, na haina njia maalumu. Utaratibu: nyanyua mkono, taja unakokwenda KABLA hujapanda. Dereva anaangalia waliomo wanaelekea wapi. Akitikisa kichwa si dharau, ni kwamba huko siko anakokwenda, ngoja nyingine. Nauli ni kwa kichwa, unalipa ukishuka, na wenyeji wanajua bei. Ukikaa mwenyewe ukamwambia akupeleke moja kwa moja unakuwa umeikodi nzima, inaitwa pakyaw, hapo patana kwanza. Ugomvi mwingi wa nauli unatoka hapo: mgeni kapanda gari tupu, kataja hoteli yake, dereva kaelewa pakyaw.

Kushuka: "Lugar lang, Nong." Nong ni kwa mwanaume aliyekuzidi umri, mwanamke ni Nang.

Beba sarafu na noti za 20, 50 na 100. Noti ya peso 1,000 ivunje dukani asubuhi, dereva hana chenji. Pochi za simu za kule usizitegemee.

Kwenda Valencia kuna jipni, yaani daladala za kule, zinazopakia upande wa soko. Zinajaa kwanza ndipo ziondoke, kwa hiyo mkiwa wanne na muda ni mfupi, kukodi chombo kizima kwa nusu siku kunafaa zaidi. Juu ya Valencia mjini jipni haziendi kwenye maporomoko, unapanda habal-habal, bodaboda kwa lugha yetu. Dai kofia ngumu, sheria inaitaka kwa dereva na abiria.

Kule magari yanapita kulia. Aliyetoka Muscat, Bujumbura au Goma kazoea. Wa Dar, Mombasa na Kampala, ukivuka barabara anza kutazama KUSHOTO.

Ras_Mkwaju:
Wakuu, Valencia mnakwenda kwenye maporomoko yapi? Naona kila mtu anataja Casaroro.

Nahodha wa Kojani:
Casaroro ni yenye kupendeza zaidi, maji membamba yanashuka moja kwa moja kwenye korongo. Lakini ina ngazi 335 za saruji za kushuka, na chini yake unakwenda juu ya mawe ya mto, unavuka maji na kuruka majabali yenye utelezi. Vitu vinavyohitajika ni viatu vyenye meno chini, mfuko usiopitisha maji, na mikono yote miwili iwe huru. Kandambili zimeumiza watu wengi pale. Hatari kubwa inatoka juu ya mto: mvua inaweza kunyesha mlimani na wewe huku chini una jua. Maji yakibadilika rangi kuwa ya matope, au yakianza kuleta majani na vijiti, toka kwenye mkondo mara moja upande ngazi. Usingoje yapande kwanza. Ndiyo maana nasema saa nne asubuhi, kabla ya mvua za mchana, ambazo kati ya Juni na Novemba ni za mara kwa mara.

Mkiwa na mtu mzima au mtoto, nendeni Pulangbato. Njia ni rahisi, miamba yake ni myekundu kweli na kuna mabwawa ya kuogelea. Barabara ya huko inapita eneo la Palinpinon ambako wanazalisha umeme wa jotoardhi, mvuke unatoka kando ya barabara na kuna harufu ya salfa. Waliowahi kupita Olkaria kule Kenya wataitambua. Hiyo ni milima mikali, wakati wa kuteremka dereva atumie gia ndogo na asimame mara moja moja breki zipoe.

Chagueni moja. Ukifanya yote mawili unarudi saa kumi na moja umechoka, na jioni ya Boulevard imekwenda.

Kifaru_Mpole:
Hapo nakubaliana, isipokuwa siku ikiwa Jumatano. Jumatano mimi Valencia naifuta. Kuna gulio la Malatapay, wilaya ya Zamboanguita, kilomita 22 hivi kusini. Basi la kwenda Siaton au Bayawan linapita barabarani, unashuka na kutembea kidogo kuelekea baharini. Wakulima wanashusha ng'ombe, mbuzi, mboga na mikeka, wavuvi wanaleta samaki, biashara inafanyika chini ya minazi. Mnada wa mifugo ni wa asubuhi, kufika adhuhuri watu wanatawanyika. Kwa mtu anayetaka kuona maisha ya wenyeji hakuna maporomoko yanayoshindana na hilo.

BintiMvita:
Ni kweli, ila ajue moshi wa lechon utamfuata pembe zote, na meza nyingi za chakula ni za nguruwe. Samaki wa kuchoma yupo. Ashibe sokoni Dumaguete kwanza.

Nahodha wa Kojani:
Kifaru kasema sawa, Jumatano iwe Malatapay. Ila nisisitize: ufuo huo huo ndio unakopandia boti za Apo Island, na wenyeji watashawishika kusema "tuvuke tu". Msivuke siku hiyo. Kuvuka ni nusu saa na zaidi, bahari ya mchana inachafuka, na Apo inastahili siku yake. Hifadhi ya matumbawe ya pale ilianza miaka ya 1980 kwa makubaliano ya wavuvi wa kisiwa na wanasayansi wa Silliman wakiongozwa na Angel Alcala. Wavuvi walikubali kuacha sehemu ya bahari yao isivuliwe, na samaki wakaongezeka hata nje ya mpaka. Wavuvi wetu wa Pemba na Kwale wanafanya jambo la aina hiyo sasa, kwa hiyo nenda ukiwa na muda wa kuuliza maswali.

BandariSalama:
Nimeelewa, nitaangalia siku. Kuhusu bibi na nyumbani?

MamaNafaka:
Mkubwa unamsalimia kwa kumpa heshima ya mkono: unainama, unaushika mkono wake wa kulia na kugusisha nyuma ya kiganja chake kwenye paji la uso wako. Usiubusu wala usiuvute, ulete uso wako chini. Subiri aunyooshe. Mwite Lola. Ukiwa umejifunza Kitagalogi, lile neno "po" la heshima halitumiki katika Kibisaya cha pale. Heshima inakaa kwenye Nong, Nang, Lola, na sauti ya upole.

Viatu mlangoni. Chakula kinaliwa kwa kijiko na uma, kijiko mkono wa kulia ndicho kinachopeleka mdomoni, uma unasukuma. Wakila kwa mikono utaona maji ya kunawa, nawa ule. Ukipita watu wanakula watakuambia "Kaon ta!" Ni ukarimu, mara nyingi jibu ni kushukuru na kusema umeshiba, isipokuwa wakirudia mara ya pili na ya tatu na sahani imeshatolewa.

Zawadi: kutoka Muscat tende na halua vinapokelewa vizuri mno. Kahawa iliyokaangwa na kufungwa kiwandani pia. Mbegu, mimea na nyama usibebe, forodha watavichukua.

Malipo ya siku: aliyealika ndiye hulipa, na watakataa pesa yako mezani. Usivutane nao mbele ya mhudumu. Wewe jichukulie jambo moja zima mapema: sema nauli zote za leo ni zangu, au silvanas za nyumbani ninanunua mimi.

Ras_Mkwaju:
Silvanas ndiyo nini?

MamaNafaka:
Vitamutamu vya Dumaguete vinavyojulikana nchi nzima. Vipande viwili vyembamba vya ute wa yai na korosho zilizosagwa, vimeokwa vikakauka, katikati krimu ya siagi, nje chenga za biskuti, kisha vinagandishwa. Duka maarufu ni Sans Rival, karibu na Boulevard. Nunua MWISHO wa matembezi. Nje ya friza krimu inalegea mapema, chenga zinalowa, na ukirudisha kwenye friza havirudi kuwa vikavu. Vya kusafiri navyo, omba vilivyoganda kabisa, viweke kwenye boksi la kuzuia joto pamoja na barafu ya jeli, viende kwenye mzigo wa chini. Kwa ndege ya Manila vinafika. Hadi Muscat usijaribu.

Jioni pale Boulevard mtakuta wachuuzi wa tempura, vijiti vya unga na samaki vilivyokaangwa. Mchuzi upo wa aina mbili, mtamu na wa siki yenye pilipili. Mwagia kwa kijiko kwenye sahani yako, usichovye kijiti ulichokwisha kuuma kwenye chupa ya wote. Balut ni yai la bata lenye kifaranga ndani. Ukikataa kwa upole hakuna atakayeona vibaya.

Nahodha wa Kojani:
Namalizia ya safari yenyewe. Jaza fomu ya eTravel, ile ya mtandaoni ya kuingia nchini, ndani ya saa 72 kabla ya kutua. Ni bure, tovuti yoyote inayotoza ni ya matapeli. Pasi iwe na miezi sita na uwe na tiketi ya kutoka. Wanaotokea moja kwa moja nchi zenye homa ya manjano wabebe kadi ya chanjo.

Uwanja wa ndege uko Sibulan, jirani kabisa na mji. Ukishukia Cebu badala ya Manila, kuna mabasi ya Ceres kutoka kituo cha kusini hadi Liloan, kisha feri ya nusu saa hivi hadi Sibulan. Tenga saa sita kwa jumla. Na usipange kuondoka Dumaguete kwa feri siku ile ile ya ndege ya kimataifa: dhoruba ikikaribia na PAGASA (idara yao ya hali ya hewa) wakatangaza Signal No. 1, onyo la kiwango cha chini kabisa, walinzi wa pwani wanazuia vyombo vidogo hata kama bahari mbele yako imetulia. Lala Cebu usiku mmoja kabla.